Filamu Yenye Adabu

Siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Bi Genoveva alikuwa akifagia maganda ya mbegu za alizeti yaliyobaki katika ukumbi wa Jumba la Kusomea la mji wa Topolnik tangu dansi ya wastaafu. Alifagia chini ya viti, akawasha hita ili ukumbi upate joto mapema, kisha akachukua kopo la gundi akatoka kubandika tangazo la filamu mlangoni. Mlango ulikuwa na karatasi moja tayari. Ilikuwa ya Mama Nedyalka, yenye picha ya mwanawe na maneno "Miaka sita bila Plamen." Marehemu wa Topolnik hubandikwa kila mwaka, milangoni na kwenye nguzo za umeme, mpaka walio hai wachoke. Mama Nedyalka hakuwa amechoka. Bi Genoveva akabandika tangazo kando yake, akiangalia asifunike sikio la kijana wa watu.

Tangazo lilisema: "Jaketi la Buluu. Filamu ya kusisimua kuhusu wanaume wawili waliopendana na mtu aliyewafuata. Imetengenezwa hapa hapa mtoni kwetu. Kiingilio bure, majadiliano lazima."

Aliyeitengeneza alikuwa Yavor, mtu wa mji mkuu, Sofia, ambaye zamani alikaa na Plamen viangazi viwili katika banda la mashua. Mji ulimwita "rafiki yake Plamen," na kabla ya kulitamka neno rafiki watu walikohoa kidogo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Mwezi ulikuwa taa ya bafuni. Mvumo wa mto ulirekodiwa kwenye beseni. Damu ilikuwa lutenitsa, ile rojo ya pilipili hoho na nyanya ambayo kila nyumba hupika Septemba, na mitungi ilitolewa na Mama Nedyalka bila kuuliza ni ya nini. Marehemu aliigizwa na Yavor mwenyewe. Mpenzi aliyebaki hai aliigizwa na daktari wa meno aliyekuwa likizoni. Muuaji hakuwa na sura, kwa maana hakupatikana mwenye sura wa kufanya kazi bure. Alikuwa mgongo tu, mgongo uliovaa jaketi la buluu lenye picha ya kipanga.

Mgongo ulitosha. Jaketi lile ni la klabu ya mieleka ya Topolnik, na hakuna mtu mjini asiyejua nani alikuwa amelivaa mtoni jioni ile Plamen alipokufa. Alikuwa Valko, mpwa wa kocha Krum, bingwa wa mkoa. Polisi walisema Plamen aliteleza. Mtu hatelezi akavunjika taya huku na huku, lakini polisi walisema aliteleza, na mji nao ukasema haya, aliteleza. Funika kombe mwanaharamu apite. Tangu hapo kila vuli vijana wa klabu humpelekea Mama Nedyalka kuni, wakazipasua na kuzipanga ukutani bila kungoja hata kahawa. Anayepanga vizuri kuliko wote ni Valko. Hakuna aliyeuliza kwa nini zipelekwe nyumba ile tu, na hakuna aliyemsikia Mama Nedyalka akizikataa, kwa sababu baridi ya mto Danubi haimwonei mjane huruma.

Yavor alitaka kitu kimoja. Hakutaka kesi, hakutaka fidia. Alitaka mtu mmoja wa Topolnik, mmoja tu, asimame mbele za wenzake alitamke jina la Valko. Ndiyo sababu alitengeneza filamu, na ndiyo sababu aliileta kwetu kabla ya kuipeleka kwenye tamasha la filamu.

Jioni ya kwanza ukumbi ulijaa nusu. Watu walitafuna mbegu, wakatazama mpaka mwisho, taa zikawashwa.

"Haya, ndugu zangu," alisema Bi Genoveva. "Utaratibu mnaujua. Hatoki mtu hapa bila kupendekeza."

Utaratibu huo ni wa enzi za Chama cha Kikomunisti. Chama kiliondoka, majadiliano yakabaki. Yavor alikuwa ameinuka aichomoe filamu kwenye mashine aitie mkobani, lakini Bi Genoveva alimshika mkono.

"Iache hapo, mwanangu. Tutaijadilije ikiwa imetoka? Hayo yatakuwa masengenyo."

Kwa hiyo filamu ikabaki ukumbini, ikasikia yote.

Wa kwanza alikuwa Desislava wa duka la mikate. "Mimi nitasema kweli, mnanijua. Damu ile ni lutenitsa, tena imetiwa bilinganya. Kwetu hatutii bilinganya." Watu wakacheka. "La pili, wale vijana wawili kulala kitanda kimoja. Najua bajeti ilikuwa ndogo, lakini jamani, kitanda! Mngekuja kwangu, ninacho cha kukunja."

"Si suala la vitanda, mama," alisema Yavor. "Wanapendana."

"Hata mimi na dada yangu tunapendana, na kila mtu ana chake."

Kocha Krum aliinuka akiwa ameshika kofia mkononi. "Mimi si mtu wa sanaa. Ila buluu ile inachosha macho. Hapa nilipo kichwa kinaniuma. Ingekuwa kijivu ingependeza zaidi."

Kisha mwalimu mstaafu akasema kijivu kweli ni rangi ya heshima, na watu wengi wakaunga mkono kijivu. Ilipofika zamu ya Mama Nedyalka, aliyekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, alisema, "Mimi bado nafikiri." Bi Genoveva akamruhusu. Mfiwa hasukumwi.

Ijumaa filamu ilipoonyeshwa tena, chumba cha wapenzi kilikuwa na vitanda viwili. Cha pili kilikuwa cha kukunja, chenye blanketi la maua. Jaketi lilikuwa la kijivu. Hakuna aliyeshtuka. Desislava alimgusa jirani yake kwa kiwiko. "Umekiona kitanda changu? Kumbe kwenye filamu kinaonekana kikubwa." Na pale mlangoni tangazo lilisomeka "Jaketi la Kijivu," gundi yake ikiwa kavu kabisa.

Yavor alimfuata Bi Genoveva kwenye kijichumba cha mashine.

"Mimi sikuipiga picha ile."

"Nani kasema umeipiga? Imesikia maoni, ikafuata. Kwani za Sofia hazisikii?"

"Hazisikii."

"Basi hazikulelewa." Bi Genoveva alikuwa akihesabu viti vilivyovunjika. "Hii imekulia kwetu, imekula supu yetu ya kambare. Ina adabu zake."

Habari zikaenea, na kuanzia hapo ukumbi haukutosha, hata Jumamosi ikabidi filamu ionyeshwe mara nne. Walikuja watu ambao hawakuwa wameona filamu tangu walipokuwa askari jeshini, kila mmoja na pendekezo lake mfukoni. Penye wengi pana mengi. Mmoja alipendekeza busu la bandani liwe kupeana mikono, likawa. Mwalimu mstaafu alipendekeza uhusiano wa vijana wale uelezwe vizuri ili mtazamaji asipotee, na Jumamosi walikuwa binamu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Mwenye duka la dawa aliona kuna upungufu wa wanawake. Akatokea mwanamke jikoni, ambaye hakuajiriwa na mtu, akakaanga kambare filamu nzima bila kugeuka, na watu wakasema anakaanga vizuri. Daktari wa meno alipiga simu kutoka Sofia kusema kwamba ameamka akihisi ana mke, na kama kuna mtu anajua jina lake amwambie.

Yavor hakukubali kushindwa kirahisi. Jumamosi hiyo hiyo alisimama kwa hasira katikati ya majadiliano. "Na mimi napendekeza. Napendekeza kitanda kimoja. Napendekeza jaketi lirudi buluu. Na napendekeza mseme, jamani, mseme mnachokijua!"

Watu walimsikiliza kwa heshima. Filamu haikubadilika hata kidogo.

"Usiudhike," Bi Genoveva alimwambia baadaye. "Mtoto akishakua, mbele ya wageni hamsikii mzazi."

Halafu jioni akaja Valko. Alikuja na mke wake na mfuko wa mbegu, akakaa nyuma, akawasalimu wazee wote kwa majina. Alitazama filamu yote kwa makini. Zamu yake ilipofika alisimama, mkubwa, mpole, masikio yamevimba kama ya wanamieleka wote.

"Mimi sina neno. Filamu nzuri, hongera kaka Yavor. Ila huyu mwenye jaketi anazungukazunguka sana bila sababu. Miguu si itamuuma? Angekaa tu, apumzike."

"Pendekezo zuri," alisema kocha Krum.

Katika onyesho la usiku huo mwenye jaketi la kijivu alikaa ukingoni mwa mto tangu mwanzo mpaka mwisho, akivua samaki, ametupa mgongo. Hakumfuata mtu. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumuua, yule kijana alitembea peke yake juu ya mawe yenye utelezi, akateleza, akaanguka. Hilo hakuna aliyelipendekeza. Filamu ililifikiria yenyewe, na mji ukakubaliana kwamba kweli imekomaa.

Yavor alitoka kabla taa hazijawashwa. Alikuwa na uchungu, na pia aibu, kwa sababu alikuwa amemchukua Plamen mikononi mwa mji ule akamrudisha tena mikononi mwa mji ule. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Nedyalka, ambaye siku hiyo alikuwa amebaki kumenya pilipili hoho.

Jikoni mlikuwa na joto. Nyuma ya mlango, kwenye ndoano, lilining'inia koti la kahawia lenye vifungo vikubwa. Yavor alilijua, lilikuwa la Plamen. Alikuwa amelitazama koti lile kila alipoingia nyumba hiyo, na kila mara alikaa akilipa mgongo.

"Mwanangu amebadilishwa tena?" aliuliza Mama Nedyalka.

"Sasa anateleza."

Mama aliendelea kumenya.

"Umebaki wewe tu, mama. Ndiwe pekee ambaye hujapendekeza. Filamu itakusikia kuliko wote, naijua. Sema jina tu. Jina moja."

"Jina lipi?"

"Unalijua."

"Nalijua. Nani halijui?" Aliinuka, akafungua mlango wa jiko, akatia gogo moja, akaufunga. Alisimama pale akilitazama jiko. "Unajua kwa nini alitoka bila koti? Nilimgombeza. Nilimwambia, mwanangu, watu wanasema. Akaniuliza, na wewe mama, wewe unasemaje? Nikanyamaza. Akatoka. Nikamwita, Plamen, koti! Hakugeuka."

Yavor alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo.

"Kesho ndiyo mara ya mwisho?" aliuliza mama.

"Kesho mchana. Keshokutwa inakwenda kwenye tamasha, na itakwenda kama itakavyokuwa."

"Nitakuja," alisema Mama Nedyalka. "Chukua mtungi wa lutenitsa. Hauna bilinganya."

Jumapili baada ya kanisa watu walikaa hadi madirishani. Kocha Krum alikuwepo, Valko alikuwepo, mkewe alikuwepo. Filamu ilichezwa, ikaisha. Desislava alipendekeza mwanamke wa jikoni aongezewe chumvi. Hakuna mwingine aliyekuwa na jipya. Ndipo Mama Nedyalka akanyoosha mkono.

Aliinuka taratibu, mkoba akiwa ameukumbatia. Kule nyuma mlio wa mbegu ulikoma. Kocha Krum aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Jioni ile kulikuwa na baridi," alisema.

Hakuna aliyekohoa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema "jioni ile" ndani ya ukumbi huo.

"Mwanangu alitoka bila koti."

Aligeuka kabisa, akamtafuta Valko kwa macho, akampata, akamtazama. Alimtazama muda mrefu. Midomo yake ilifunguka. Yavor aliinuka nusu kutoka kwenye kiti, akimwombea kwa moyo wote: sema, mama, sema.

"Apewe koti," alisema Mama Nedyalka, akakaa.

Pumzi ya watu wote ilitoka kwa pamoja. Mwalimu mstaafu akasema hilo ni pendekezo la utu, na Bi Genoveva akasema si vizuri kumsubirisha mzazi, akairudisha filamu mwanzo papo hapo.

Safari hii kijana aliyetoka bandani hakuwa Yavor. Alikuwa Plamen. Alikuwa na jino lake lililopinda na ile tabia yake ya kujikuna shingo akiwa anataka kucheka. Alimpa mkono binamu yake, akasifu kambare, akatoka kwenda mtoni na shati tu. Watu walimtambua, wakasema kwa sauti ya chini kwamba hajazeeka hata kidogo. Aliteleza. Alianguka. Alilala kwenye mawe chini ya taa ya bafuni, na lutenitsa ikatiririka, haina bilinganya.

Basi mtu ilibidi amletee koti. Lakini filamu ilikuwa ya kuungaunga, na pale ukingoni hapakuwa na mwingine ila yule mvuvi wa jaketi la kijivu. Akaweka ndoana chini. Akainuka, akiwa na koti la kahawia mkononi, lenye vifungo vikubwa. Akapiga magoti, akamfunika Plamen, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto. Kisha kwa mara ya kwanza akageuka, na alikuwa na sura. Ilikuwa sura ya Valko, tena yenye huzuni na huruma kubwa.

Ukumbi mzima ulilia. Alilia mwalimu, alilia mwenye duka la dawa, Desislava alilia kwa sauti. "Jamani, kuna watu wana roho nzuri! Mtu hamjui wala nini, akamfunika!" Valko mwenyewe alilia, uso ndani ya viganja, na mke wake akampapasa mgongo. Makofi yalipigwa watu wakiwa wamesimama. Mlangoni walipanga foleni kumshika mkono. Kocha Krum alimkumbatia mpwa wake akasema, "Sasa imekamilika. Sina la kuongeza."

Yavor alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Topolnik nzima ililitamka jina la Valko siku hiyo, kwa sauti, mbele za watu.

Mama Nedyalka alirudi nyumbani peke yake. Nyuma ya mlango ndoano ilikuwa tupu. Na katika karatasi zote za "Miaka sita bila Plamen" mjini, mlangoni pa Jumba la Kusomea na kwenye nguzo mpaka stesheni, Plamen alikuwa amevaa koti, amefungwa kola hadi juu.

Kwenye tamasha filamu ilipata tuzo ya watazamaji. Sasa inaitwa "Koti." Maoni yalikuwa mazuri: wengi walisifu utulivu wake na ukarimu wa watu wa mtoni, wachache walilalamikia sauti, na bwana mmoja aliandika kwamba alitegemea filamu ya mashoga na ya mauaji, akafurahi hakuona hata kimoja. Yavor alikuwa amedhamiria kuitupa mtoni baada ya tuzo. Alifika nayo mpaka darajani. Lakini ndani yake mlikuwa na Plamen, anatembea, anajikuna shingo, anataka kucheka, na hakuna mahali pengine duniani alipobaki akitembea. Akarudi nayo nyumbani Sofia. Huitazama jioni akimaliza kula, na ikifika mahali pa mawe hufumba macho. Hajamwambia mtu tena habari za jaketi, maana ushahidi alionao unasema kinyume chake.

Vuli ilipofika vijana wa klabu walileta kuni kwa Mama Nedyalka, na mwaka huo zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Wenzake walipoondoka, Valko alibaki kupanga safu ya mwisho. Alikuwa amevaa jaketi lake la buluu, kipanga mgongoni. Mama alitoka, akasimama mlangoni na shali yake.

"Mama Nedyalka," alisema Valko bila kugeuka, "lile koti. Lilimkaa vizuri?"

"Mikono ilikuwa mifupi kidogo. Alikuwa bado anakua."

Valko aliweka gogo, akalisawazisha.

"Na hilo lako," alisema Mama Nedyalka, "rangi haijapauka hata kidogo."

"Kitambaa cha zamani hicho, mama. Siku hizi hawatengenezi."

Alijikung'uta mikono, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Mama Nedyalka alikumbatia magogo mawili, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya jiko. Hapo ndipo alipolitamka lile jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida, na hapakuwa na mtu wala filamu ya kulisikia. Kisha akatia kuni. Zilikuwa kavu, zikashika moto mara moja.